Lango Lililofutwa Ubaoni

Jumamosi ya tarehe tisa Agosti, saa kumi jioni, Nyumba ya Mizimu ya ile bustani ya michezo ilishika moto watu wakiwa ndani. Kufikia saa kumi na mbili moto ulikuwa umezimwa, watu watatu wamekufa, na wakubwa wa bustani wameshapata wa kumtwisha mzigo: bawabu wa mlangoni. Walisema aliwaelekeza watu nyuma ya nyumba, kwenye ukuta, wakabanana pale ndani ya moshi. Bawabu akasema nyuma hapakuwa na ukuta, palikuwa na lango. Wakubwa wakacheka. Lango gani? Wakamwonyesha hakimu picha. Ukuta huo hapo, mweupe pe, umenyooka. Kwamba rangi yake ilikuwa bado inanuka, hilo picha haionyeshi. Na ramani za zamani ziko wapi? Ziliungua, mheshimiwa. Moto wa wakubwa una adabu sana, ukiwaka unaanza na karatasi zao.

Bawabu akapelekwa mahabusu. Hukumu ikapangwa Jumatatu.

Ijumaa kabla ya Jumatatu hiyo, asubuhi, Sajini alikuwa amekaa kwenye kigoda katika chumba cha ushonaji, miwani puani, akitazama boksi la mchezo wa watoto. Usajini wenyewe alikwisha kuvuliwa zamani, kwa kosa la kukataa kuandika maelezo aliyokuwa anasomewa na bosi wake. Jina ndilo lililobaki, nalo hakulirudisha stoo pamoja na sare. Mkewe alifia kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, daktari mkuu akiwa kwenye kikao. Tangu hapo mtu akimwambia asubiri, wakubwa wanakutana, Sajini huvaa kofia yake akaingia hukohuko wanakokutana.

Aliyemwita ni dada mkubwa wa bawabu, fundi wa nguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu.

"Huu mchezo unaujua?" Fundi aliuliza.

"Nimeuona madukani. Sijawahi kuucheza."

"Hujawahi! Wewe ulikuwa mtoto kweli, au ulizaliwa na cheo?"

Akamweleza. Bustani ilikuwa ikitoa michezo ya ubao yenye picha za bustani yenyewe. Unatupa dadu, unasogeza kete, unaingia getini, unapanda gurudumu kubwa, unapita kwenye treni, mpaka utoke. Toleo moja likichakaa wanatoa jingine, na wapo watu wanayakusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Toleo la kwanza lilichorwa bustani ilipofunguliwa, na mchoraji alichora kila kitu alichokiona. Nyumba ya mwisho kabisa kwenye ubao wake, ule mraba wa kumalizia, ilikuwa Lango la Nyuma. Ilikuwa imeandikwa: Sukuma utoke. Umeshinda.

"Nyuma ya Nyumba ya Mizimu?" Sajini aliuliza.

"Nyuma yake kabisa. Pale pale wanaposema ni ukuta tangu dunia iumbwe. Na nembo yao ipo, na mwaka wao upo. Wakili wetu alitaka kumwekea hakimu mezani hiyo Jumatatu."

"Watu wa bustani wanajua?"

"Moto haujapoa, wakatangaza: leta boksi lako la zamani, upewe jipya na tiketi ya bure. Watu si wakapanga foleni! Yote yamekwenda. Mimi nikasema langu haliendi. Sasa tazama."

Akafungua boksi. Lilikuwa kuukuu, pembe zimeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Kete zilikuwa za zamani, zimefifia, na moja iliyopotea ilikuwa imezibwa pengo na kifungo cha shati. Ubao ndio uliokuwa mpya. Kwenye nyumba yake ya mwisho palikuwa na ukuta mweupe na maneno: Rudi ulikotoka.

"Uligunduaje?"

"Kwa kidole. Ubao wangu ulichanika kwenye mkunjo, nikaushona mwenyewe kwa uzi mweusi. Jana watoto wa ndugu yangu wakasema tucheze. Nikaukunjua, kidole kikateleza. Uzi hakuna."

Sajini alipitisha kidole chake kwenye mkunjo. Laini.

"Mwizi wa kawaida angebeba boksi zima akimbie," alisema. "Huyu alitaka msijue. Alitaka wakili afungue mbele ya hakimu Jumatatu, akute ukuta. Hapo mngechekwa mpaka na mfagizi wa mahakama."

"Mbwa hao."

"Mlango umevunjwa?"

"Hata komeo halijaguswa."

"Nani alijua kuwa ubao unakwenda mahakamani?"

"Mimi. Wakili. Wifi yangu huyu hapa." Akamwonyesha kwa kidevu mke wa bawabu, aliyekuwa anapiga pasi mashati ya wateja upande wa dirishani. "Na Plastiki. Yule mkusanyaji wa mtaa wa juu. Alikuja kuuchungulia."

Wifi hakuinua macho kwenye pasi. "Hata ukipatikana, Sajini," alisema, "wale watu huwa wanashindwa?"

"Hawashindwi na anayenyamaza," Sajini alijibu. Akarudi kwenye ubao, akaweka kidole juu ya picha ya nyumba nyeusi yenye popo. "Na hapa?"

Fundi akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Hapo ndipo jela yangu. Ukiingia Nyumba ya Mizimu unakosa zamu, na mimi sijawahi kupita bila kuingia. Watoto walishapabatiza. Hawasemi Nyumba ya Mizimu, wanasema kwa Shangazi. 'Mama kakwama kwa Shangazi!' Siku ya moto yule mdogo wao alipoambiwa kunaungua kwa Shangazi, alikuja mbio kunikagua mikono."

*

Plastiki alifungua mlango nusu, akaangalia viatu vya Sajini kwanza.

"Futa," alisema. "Na usiegemee kitu."

Sebule yake ilikuwa rafu kila upande kutoka sakafuni mpaka darini, na kila rafu imejaa maboksi ya michezo, kila boksi limefungwa plastiki. Hata viti vilikuwa bado na plastiki ya dukani. Sajini alipokaa, kiti kilipiga kelele kama kimekanyagwa.

"Ulikwenda kwa Fundi kuangalia toleo la kwanza."

"Nilikwenda. Nikarudi nikalala na homa. Lina kifungo cha shati! Limeshonwa kama suruali! Lile si la kukusanya, lile ni la kuombea dua."

"Ubao wake umeibiwa."

"Boksi je?"

"Limeachwa."

Plastiki akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Na unakuja kuniuliza mimi? Mimi nichukue ubao niache boksi? Ubao bila boksi ni meno bila mdomo, bwana. Utayaweka wapi? Muulize mkusanyaji yeyote duniani. Angeiba boksi aache ubao, ningekuelewa. Aliyefanya hivyo hajawahi kupenda mchezo hata mmoja maishani mwake."

Sajini alitafakari hilo, akaliona lina uzito. Mwizi alihitaji picha moja tu iondoke. Kingine chote kwake kilikuwa takataka. Basi si mtu wa rafu.

"Wewe unalo toleo la kwanza?"

"Ninalo." Akaonyesha rafu ya juu, boksi jekundu linang'aa. "Halijafunguliwa tangu litoke kiwandani."

"Jumatatu utatuazima?"

Plastiki alikohoa, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Leo saa kumi na moja wanakuja kulichukua. Watu wa bustani. Tunabadilishana. Wananipa la kijani."

"La kijani ni lipi tena?"

"Toleo la watumishi! Halikuuzwa kabisa. Nimelitafuta mpaka nywele zimeniisha, wewe unauliza ni lipi."

"Kuna baba wa watoto yuko ndani kwa ajili ya lango lililochorwa kwenye boksi lako."

"Sikumweka mimi. Na kulifungua siwezi. Likifunguliwa si lenyewe tena."

"Litakuwa nini?"

"Litakuwa mchezo tu," Plastiki alisema, kwa huzuni ya kweli.

*

Ofisi za bustani zilikuwa kando ya geti kuu, na kiyoyozi chake kingeweza kugandisha maji. Geti lilifunguliwa tena siku nyingi, muziki unalia, gurudumu linazunguka, kana kwamba watatu wale walikwenda likizo. Afisa Uhusiano alimpokea Sajini akiwa ameketi. Nyuma yake maboksi mapya yalikuwa yamepangwa mpaka dirishani.

"Mzee wangu, kubadilisha maboksi tumefunga. Umechelewa."

"Ndiyo bahati yetu sisi. Nina wajukuu," Sajini alidanganya, "wananisumbua na hili jipya. Wanasema la zamani lilikuwa tamu zaidi. Ni kweli?"

"Mimi hata siijui hiyo michezo. Nimesoma mpaka ng'ambo, mzee, sikurudi huku kukaa sakafuni na dadu."

"Hujawahi kujaribu hata raundi moja? Nyumbani kwa mtu, labda?"

"Wala sijui nyumba ya mtu mwenye nalo. Kazi yangu ni kutangaza."

"Basi nitangazie. Tofauti ni nini?"

Afisa alipumua kama anayemvumilia mtoto. "Hakuna tofauti. Tumeboresha rangi. Dadu ni ile ile, kete zile zile. Unaingia getini, unapanda gurudumu, unakwama kwa Shangazi, unakosa zamu, unaendelea. Waambie wajukuu wasikusumbue."

Kiyoyozi kilinguruma. Sajini alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati.

"Unakwama kwa nani?"

"Kwa Sh... Kwenye Nyumba ya Mizimu."

"Hapana, ulisema vizuri mara ya kwanza. Ila kwenye ubao wenu hakuna shangazi. Nimesoma pembe zote nne. Shangazi yuko kwenye nyumba moja tu katika mji huu, na walimwita hivyo watoto wa mtu mliyemfunga. Sasa wewe usiyejua nyumba ya mtu, ulimjulia wapi?"

Afisa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kukaa. Tabasamu likawa limebadilika, limekuwa la kazini hasa.

"Neno moja, mzee. Utampelekea hakimu neno? Jumatatu mezani kutakuwa na picha yetu ya ukuta na ubao wenu wa ukuta. Vinakubaliana. Kwa nini usirudi nyumbani ukapumzike?"

"Nilishapumzishwa na wakubwa wa aina yako," Sajini alisema, akivaa kofia. "Sikupenda. Na neno silipeleki kwa hakimu. Nalirudisha lilikotoka."

*

Fundi alikuwa ameketi kwenye cherehani. Wifi alikuwa amemaliza mashati, sasa anapiga pasi kitambaa ambacho hakikuwa cha mteja yeyote. Sajini alisimama mlangoni, hakuingia.

"Mama," alimwambia Wifi, "yule bwana wa bustani, watoto walimfundisha kucheza siku gani?"

Cherehani ikanyamaza. Wifi aliiweka pasi wima, akaichomoa kwenye umeme, akaukunja waya wake vizuri.

"Jumanne," alisema. "Dada alikuwa amekwenda kununua vitambaa."

"Wifi," Fundi alisema. Neno hilo tu.

"Alikuja na maneno matamu. Alikaa hapo sakafuni na suti yake, akacheza na watoto, wakacheka naye. Halafu akaniambia pembeni: mumeo akikiri kuwa alichanganyikiwa, kosa linakuwa dogo, Jumatatu hiyo hiyo analala kwake. Lakini ubao ukifika mahakamani, wakubwa watakasirika, watamkandamiza. Mimi nilitaka arudi. Nikautoa. Aliobadilishia alikuja nao kwenye mkoba."

"Ukaniacha mimi jana nahangaika na uzi mpaka usiku!"

"Nikuambie nini, dada? Nilikwenda mahabusu Jumatano, nikamwambia mume wangu: kiri, yaishe. Unajua alinijibu nini? Alivuta shati, akanionyesha bega. Mpaka leo haliinuki. Akasema, 'Hili nililivunja kwa kusukuma lango, watu wananilalia mgongoni. Leo niseme sikuliona? Waambie wanifunge na bega langu, neno hilo hawalipati.'" Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti ilikuwa kavu. "Basi nikajua nimeuza kitu ambacho mwenyewe hakuwa anakiuza."

Fundi aliinuka kwenye cherehani. Sajini alingoja kofi. Halikuja.

"Vaa viatu," Fundi alisema. "Utalia tukirudi. Sajini, huyo Plastiki wako anakaa nyumba gani?"

*

Plastiki alikuwa ameshalishusha boksi jekundu, liko mezani juu ya taulo safi. Alipowaona watatu mlangoni alinyoosha mikono kama anayezuia mvua.

"Fundi, usinililie. Nakuomba."

"Nani kakwambia nimekuja kulia? Nimekuja kucheza." Akavuta kiti, kikapiga kelele, akakaa. Akatoa dadu mfukoni, akaiweka karibu na taulo. "Maisha yako yote umelala na michezo, hujatupa dadu hata mara moja. Leo nakuonea huruma. Raundi moja, na nitakuachia uanze."

"Plastiki ikikatwa haishoneki."

"Nimeshona ubao mimi. Usinifundishe kinachoshoneka."

Nje gari likapiga honi. Afisa aliingia bila kubisha, boksi la kijani kwapani. Aliona nani yupo, akasita, kisha akaamua kutoona mtu. Akaliweka la kijani mezani. Macho ya Plastiki yakaenda pale yakagandia, akameza mate. Sajini alijua hapo hapana hoja ya kulishinda lile boksi.

"Haya mzee, lako hilo. Nipe langu," Afisa alisema, akilinyakua jekundu kwa mkono mmoja, pembe ikigonga meza.

"Taratibu! Lishike kwa chini!" Plastiki akakurupuka. "Mtaliweka wapi? Kuna makumbusho? Lisikae juani, rangi itapauka."

"Kuliweka?" Afisa akacheka kidogo. "Linakwenda tanurini na wenzake, mzee. Usijali jua."

Plastiki alilitazama boksi mkononi mwa Afisa.

"Wenzake," Plastiki alisema. "Yale yote ya foleni? Mliyachoma?"

"Karatasi tu zile."

"Toleo la kwanza?"

"Mzee, nina haraka."

Plastiki alikuwa mtu mdogo, mwenye mikono iliyozoea kubeba vitu kama mayai. Alilipokonya lile boksi kwa nguvu ambayo hata Sajini hakuitarajia. Halafu akalichukua la kijani, lile alilolitafuta mpaka nywele zikamwisha, akamsukumia Afisa kifuani.

"Toka nalo. Sitaki kitu kilichopita mikononi mwako."

"Tulikubaliana!"

"Nilikubaliana na watu. Sikujua ni moto."

Akavuta droo, akatoa wembe. Plastiki ikakatika kwa sauti ndogo kama ya mtu anayevuta pumzi. Alipofunua mfuniko, harufu ya wino ikatoka, mbichi, kama boksi lilitoka kiwandani asubuhi ile. Afisa alipiga hatua kuelekea mezani. Sajini akavuta kiti mpaka katikati ya njia, akakaa.

"Karibu, angalia," alimwambia. "Kwa mbali."

Fundi aliukunjua ubao. Ubao wake mwenyewe, pale mwisho, ulikuwa umechubuka siku nyingi, kwa sababu kila aliyeshinda aliigonga kete yake pale kwa nguvu mpaka picha ikaisha, yakabaki maneno tu. Huu ulikuwa haujagongwa na mtu. Lango lilikuwa la buluu, limechorwa kwa kalamu nyembamba, kila bawaba na kila msumari. Katikati yake palikuwa na upau mmoja wa chuma uliolala kutoka upande mpaka upande, wa kusukuma kwa mikono au kwa tumbo.

Sajini aliinama mpaka miwani ikakaribia kugusa.

"Tundu la ufunguo silioni," alisema. "Komeo silioni. Kitasa silioni." Akageuka kwa Afisa. "Hili lango lilitengenezwa lisifungike kwa ndani. Hata mtoto akiliegemea, linafunguka."

"Ni mchoro wa watoto," Afisa alisema, lakini hakusema kwa sauti ya ofisini.

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya wote tangu waingie. Sasa alipita mbele, akamzunguka Sajini na kiti chake, akasimama usoni mwa Afisa, karibu kiasi kwamba yule alilazimika kulikumbatia boksi la kijani.

"Mume wangu alisukuma hapo," alisema, "na watu wazima kumi nyuma yake wakasukuma. Aliniambia kila waliposukuma, alisikia chuma kinalia upande wa nje, kama mnyororo. Ulikaa sakafuni kwangu, ukala mezani kwangu, watoto wangu wakakuita mjomba. Sasa nijibu mimi, usimngoje hakimu. Huo mnyororo wa nje aliufunga nani?"